Mawe Yaliyoungua
Andiko: Nehemia 4:1-6

Sanbalati aliposikia Wayahudi wanajenga ukuta, hakuuliza kama wana pesa. Alicheka mawe. Mawe yaliyoungua, tena yamefukiwa kwenye vifusi, kweli hawa watayafufua? Wiki hii nimeulizwa swali hilo hilo, hapa hapa kanisani kwetu Embu.

Niwape mfano. Kule Nairobi, eneo la viwanda, barabara ya Dunga, kulikuwa na godauni la kawaida tu, nyumba ya kuwekea mizigo. Mwaka wa 2003 likafanywa kituo cha sanaa, na hata jina hawakulificha, wakakiita GoDown. Wakaingia wanamuziki, wacheza dansi, waigizaji, wachoraji. Sisemi kila kilichochezwa pale kinafaa madhabahuni, tuelewane. Nasema wenye maono yale hawakuanza kwa kubomoa. Waliona kwamba mahali palipotosha mizigo patatosha watu. Sisi wa kahawa tunajua: mashine za faktari zikinyamaza, wa kwanza kufika ni wa kung'oa mabati.

Sasa, kuna kijana wetu, jina sitaji. Miaka mingi kibanda cha muguka ndicho kilikuwa kanisa lake. Ameokoka, na huu ni mwezi wa saba hajagusa. Sauti yake mmeisikia. Ameomba kuimba na kwaya, na baadhi yenu mmenijia: "Pasta, ngoja kwanza. Watu watasemaje?" Nawaheshimu, maana kuna alioibia kuku, na kuku wa mama mjane si kitu kidogo. Yeye mwenyewe ameshaenda boma mbili kulipa, kama Zakayo. Imebaki moja.

Lakini hebu rudini kwa Nehemia. Hatusomi popote kwamba aliagiza mawe mapya. Mstari wa sita unatuambia ukuta ulifika nusu, kwa kuwa watu waliitaka kazi kwa moyo. Sanbalati bado alikuwa anacheka, na wao wanapanga mawe.

Kwa hivyo nimeongea na mwalimu wa kwaya. Jumapili ijayo kijana ataimba, safu ya nyuma, upande wa besi. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja jioni, na wale wazee wawili nimewaomba wafike wamwombee kabla hajaanza. Wamekubali. Na yule mama ambaye kuku wake hawajalipwa, tafadhali tuonane baada ya ibada.