Bei ya Mtu ni Ngapi?

Ndugu msomaji, usicheke. Kila mwezi Machi mimi hununua Wamarekani.

Binamu yangu anafanya kazi ya usiku katika ghala moja huko Ohio. Yeye na wenzake 11 wana mchezo wao. Kabla ligi ya besiboli haijaanza, kila mmoja hupewa dola 260 za kwenye karatasi tu, kisha hufanya mnada na kununua wachezaji 23. Wachezaji wako wakifanya vizuri uwanjani, nawe unapata pointi. Mchezo huu ulianza mwaka 1980 mjini New York, ukibuniwa na mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake. Binamu hana muda wa kusoma hesabu, basi kazi hiyo ni yangu mimi niliyemaliza shule na kubaki nyumbani na daftari la riwaya isiyokwisha.

Mimi huchagua wale watano wa uwanja wa nje, wanaosimama nyuma kabisa, kushoto, kati na kulia. Kuwapima si kazi ngumu. Unatazama mambo matano: wastani wa kupiga, mipira aliyoivusha uzio, mara alizofika nyumbani, wenzake aliowarudisha nyumbani, na vituo alivyoiba. Halafu unatazama umri na magoti. Mwizi wa vituo akishapita miaka 30, punguza bei, maana miguu huzeeka kabla ya mikono.

Machi 2024 nilimwambia binamu, "Kaka, mchukue Ronald Acuña Jr. wa Atlanta, hata kama ni ghali." Mwaka 2023 alikuwa amevusha uzio mara 41 na kuiba vituo 73, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika msimu mmoja. Basi tukamnunua. Tarehe 26 Mei akiwa kituo cha pili aligeuka ghafla, goti la kushoto likakatika mshipa. La kulia lilikuwa limeshakatika mwaka 2021.

Binamu aliponipigia simu, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Ala! Tumekwisha."

Tumekwisha sisi! Mtu yuko chini anashika goti, mimi nalia pointi.

Wapo watakaosema, aa, huo ni mchezo tu, Acuña hata hakujui. Tena namba zina haki yake: haziulizi kabila wala baba yako ni nani. Nakubali. Lakini mbona sisi wachezaji wa karatasi tunaitwa wamiliki? Mwaka 1969 Curt Flood, mtu mweusi aliyecheza uwanja wa kati St. Louis kwa misimu 12, aliuzwa Philadelphia bila kuulizwa. Akakataa. Alimwandikia mkuu wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilimshinda kwa kura 5 kwa 3. Uhuru wa kuchagua timu wakaja kuupata wenzake, baada ya uamuzi wa mwaka 1975.

Tena kuna Kevin Kiermaier. Huyu alipata Glovu ya Dhahabu mara nne kwa kudaka mipira ambayo wengine wangeiacha ianguke. Katika daftari langu bei yake ilikuwa dola moja, kwa sababu kudaka hakumo katika yale matano. Je, namba zilisema uongo? Hapana. Zilijibu nilichouliza. Kosa ni langu kulichukua jibu la swali moja nikalifanya jibu la mtu mzima.

Nayajua maumivu hayo. Nilipokwenda kuomba kazi katika ofisi moja, bwana mmoja alisoma cheti changu cha kidato cha nne, akatazama divisheni, akanirudishia bila kuinua macho. Hakuniuliza naweza nini. Nilimchukia mwaka mzima. Kumbe nyani haoni kundule.

Sijaacha mchezo, nisikudanganye. Machi ijayo nitapima tena, kwani kupima kazi ya mtu si dhambi. Lakini bei naiandika kwa penseli, na mtu akiumia najilazimisha kusema pole kwanza, hata kama hanisikii.

Nawe msomaji, leo umemtia nani bei?