Si jini, si kiburi: Mke anayerudi ofu kutoka Ngorongoro

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja. Bibi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Ikiwa wao hawakuona haya kuuliza, sisi wanaume tusione haya kujibu.

Nilikwenda Karatu kwa darsa za siku chache. Baada ya sala ya Isha mzee mmoja akaniomba nikae naye katika shauri la mke na mume. Wenyewe wameniruhusu kulisimulia bila majina. Tulikaa barazani kwa mzee, si msikitini, kwa sababu mke alikuwa ameingia hedhini jana yake.

Mume ana duka la vipuri mjini Karatu. Mke ni mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya kitalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Msomaji wa Dar es Salaam pengine hayajui maisha hayo. Kutoka Karatu unapita lango la Lodoare, kisha barabara inapanda msituni mpaka zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Huko juu kuna ukungu na baridi, na mfanyakazi analala hukohuko kwenye nyumba za wafanyakazi, anatandika vitanda vya wageni, anabeba mashuka, anacheka na watalii hata kama hana hamu ya kucheka. Hoteli hiyo inampa siku 22 za kazi na siku 6 za ofu. Naomba msomaji azikumbuke hizo namba mbili.

Malalamiko ya mume yalikuwa hivi. Mkewe akirudi nyumbani ni ugomvi. Chakula hakimpendezi, mtoto akilia naye analia, akiulizwa jambo dogo anafoka, usiku anageukia ukutani. Mume akaanza kudhani kuna mwanamume mwingine huko juu. Jamaa zake wakamwambia hapana, hilo ni jini mahaba. Akaitwa mtu wa kisomo, akasoma siku mbili, na siku ya tatu mke akatulia kabisa. Mwenye kisomo akapata sifa na pesa zake. Ofu iliyofuata, mambo yakawa yaleyale. Ndipo mume, usiku wa kwanza mke aliporudi, kabla hata hajamgusa, akatamka talaka moja na kumpeleka kwa mama yake. (Hili la kumtoa nyumbani ni kosa. Aya ya kwanza ya Suratut Talaq imekataza kumtoa mke aliye katika eda.)

Nikamuuliza mke kama anazijua siku zake. Akatoa daftari dogo. Tangu madrasa alifundishwa kuandika hedhi inapoingia na inapokatika, ili ajue sala, ajue funga za Ramadhani anazodaiwa, ajue ada yake. Basi tukaliweka daftari la mke kando ya tarehe za ofu anazozikumbuka mume. Hedhi yake huja kila baada ya siku 28. Ofu yake nayo huja kila baada ya siku 28! Kwa miezi mingi mwanamke huyu amekuwa akishuka mlimani siku mbili au tatu kabla ya damu. Mumewe hajapata kumwona katika siku zake nzuri, siku hizo anaziona watalii. Na yule wa kisomo alisoma mpaka hedhi ikaingia, akadhani jini limetoka.

Mume akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka mwenyewe kwamba kuna mwezi mmoja wageni walizidi, ofu ikasogezwa siku kumi mbele kabla ya ratiba kurudi kama zamani. "Mara ile, Ustadh," akasema, "alirudi mtu mwema kabisa."

Ndugu zangu, madaktari wanalijua jambo hili. Mwaka 1931 daktari Robert Frank wa New York aliliandikia, na mwaka 1953 madaktari wawili wa Uingereza, Raymond Greene na Katharina Dalton, wakalipa jina linalotumika mpaka leo. Katika nusu ya pili ya mzunguko homoni za mwanamke hupanda kisha hushuka, na wapo ambao miili na akili zao huyahisi mabadiliko hayo kuliko wengine. Matiti hujaa na kuuma, tumbo huvimba, kichwa huuma, usingizi hukatika, hasira na huzuni huja bila kuitwa. Dalili hujitokeza katika wiki moja au mbili kabla ya hedhi na huondoka damu inapoanza au siku chache baadaye. Wanawake wengi huonja kidogo. Wachache, wanaokadiriwa kuwa baina ya watatu na wanane katika kila mia, hupata namna kali, mpaka mwingine huona afadhali kufa. Huyo asicheleweshwe nyumbani kwa kisomo, apelekwe hospitali. Karatu mjini hospitali zipo. Kwa walio wengi husaidia kupunguza chumvi, chai nzito na kahawa, kulala vya kutosha, na kuutembeza mwili. Wengine huhitaji dawa, na hilo ni la daktari.

Sikatai majini. Yametajwa katika Qur'an na mimi nayaamini. Lakini jini lenye kalenda, linaloingia siku ya 25 na kutoka siku ya 28 kila mwezi, linahitaji daftari kabla ya kisomo. Na daktari huanza na hilohilo daftari. Humwambia mwanamke aandike dalili zake kwa mizunguko miwili ndipo amtazame. Mtume (SAW) alipoulizwa na Fatima bint Abi Hubaysh kuhusu damu isiyokatika, alimwelekeza aache sala kwa kadiri ya siku alizozoea kupata hedhi. Hapana mwanamke atakayeifuata hukumu hiyo bila kuhesabu. Nusu ya kazi ya daktari, mwanamke wa Kiislamu aliyesoma fiqhi ameshaifanya.

Tuangalie pia namna Mtume (SAW) alivyoishi na wake zake. Bibi Aisha alipopata hedhi njiani kwenda Hija akakaa analia, Mtume hakumkemea. Alimfahamisha kwamba hilo Allah amewaandikia mabinti wa Adam wote, na amalize ibada zote isipokuwa kutufu. Maumivu ya Bibi Maryam wakati wa kujifungua, mpaka akatamani angekufa kabla yake, Qur'an haikuyaficha (19:23). Hedhi yenyewe imetajwa kuwa ni adha (2:222). Sisi ndio tuliogeuza maumivu ya mwanamke kuwa mchezo au kiburi.

Hata hivyo sitaki niliyoyasema yatumike vibaya. Kila mke akilalamika usimwambie "hizo ni siku zako." Huenda anadai matumizi ambayo kweli hujatoa. Na mke naye asidhani kalamu imeondolewa juu yake. Siku za kabla ya hedhi ni tohara, sala na funga zipo, na ulimi unaandikwa. Akizidiwa na maumivu asali kwa kukaa, kama Mtume (SAW) alivyomruhusu Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa. Wala asitokee mtu akasema kumbe wanawake hawafai kazi. Huyu dada miaka yote hiyo hajalaza chumba kimoja bila kutandikwa.

Tukarudi kwenye talaka. Mume alijitetea, na kwa hesabu ya fiqhi alikuwa na hoja: "Alikuwa tohara na sikumgusa. Talaka yangu ni ya Sunna." Ni kweli. Ibn Umar (RA) alipomwacha mkewe katika hedhi, Mtume (SAW) alikasirika akaamuru amrejee, angoje tohara. Katika kungoja huko hasira hupoa. Huyu bwana hakungoja hata usiku mmoja, na hedhi iliingia siku mbili tu baada ya talaka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi siku mbili zile zinahesabiwa tohara ya kwanza. Kwa hiyo eda yake inakwisha anapoingia hedhi ya tatu, yaani siku kama 58, si miezi mitatu aliyokuwa akiitegemea mume. Siku 31 zilikuwa zimeshapita. Kesho yake au keshokutwa mke anapanda tena mlimani, na ofu ijayo ingemrudisha zikiwa zimebaki siku mbili tu, katika zilezile siku za ugomvi.

Bwana yule alitoka jasho. Akamtamkia marejeo palepale, mbele ya mzee na mimi.

Likabaki la kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36, za mwanzo 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Zambia wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya ajira ya mwaka 2019 inampa mwanamke siku moja ya mapumziko kila mwezi bila cheti. Lakini dada huyu hakuomba siku ya bure. Aliomba ofu yake isogezwe mara moja tu kwa siku kumi, iangukie baada ya hedhi. Mtume (SAW) amewaita wanaotutumikia ndugu zetu, na ametukataza kuwatwika wasiyoyaweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Kusogeza ratiba si mzigo kwa hoteli yenye wahudumu wengi.

Nilipompigia mzee wiki iliyopita aliniambia mwenzake mmoja wa chumba, Mkristo kutoka Mbulu, amekubali kubadilishana naye zamu. Supavaiza bado hajasaini.