Namba Nne za Bibi



Leo tuongee kuhusu maneno ya siri: ya simu, ya kompyuta, ya barua pepe. Najua utasema, "Hayo ni mambo ya mafundi, yanahusianaje na imani?" Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka namba nne za bibi yangu ziliponipeleka kwenye kitubio.

Bibi yupo hapa Simbo, anauza mawese. Wateja wake wa Kigoma mjini na Ujiji humlipa kwa simu. Macho yake yamechoka na kusoma hajui, basi namba yake ya siri alinipa mimi. "Mjukuu wangu, kaa nayo wewe, mimi nasahau." Akitaka kutoa hela kwa wakala, mimi ndiye nabonyeza. Siku moja nikaishiwa bando, nikajitumia shilingi 5,000. Sikumwambia. Nilijitetea vizuri tu: mali ya bibi si ya wajukuu? Si yeye mwenyewe aliyenipa namba? Tena ningemwomba, si angenipa?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonisuta. Kweli angenipa. Lakini kwa kujichukulia, nilimnyima nafasi ya kunipa. Kitu ambacho kingekuwa zawadi nikakigeuza kuwa wizi, na yeye hakujua hata kama ameibiwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuijua siri si sawa na kuwa na haki ya kuitumia. Kanisa linalijua jambo hili siku nyingi. Katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 983 inamkataza padre kufichua siri ya kitubio kwa namna yoyote ile. Kanuni ya 984 inakwenda mbali zaidi: hata pasipo hatari ya siri kuvuja, padre haruhusiwi kukitumia alichosikia kwa kumdhuru aliyetubu. Jamani, anakijua, lakini anaishi kama vile hakijui! Padre anabeba siri za parokia nzima. Mimi nilibeba namba nne tu, zikanishinda.

Basi, dawa ni kutomwambia mtu yeyote chochote? Huko nako kuna shimo. Kikundi chetu cha vijana kiliwahi kuwa na katibu mwaminifu sana. Orodha ya michango ya hija aliiweka kwenye kompyuta, na neno la siri lilikuwa kichwani mwake tu. Akahamia mbali. Tulipoihitaji ile orodha, kompyuta ikagoma kufunguka. Tukampigia simu, kumbe na yeye kashasahau. Mama mmoja akasema ameshatoa shilingi 20,000, lakini jina lake halikuwepo kwenye karatasi zilizobaki. Maneno yakaanza. Hakuna aliyeiba hata shilingi, lakini mama wa watu alionekana mwongo, na mhazini akaonekana mwizi.

Fungua sura ya 25 ya Injili ya Mathayo. Wanawali wenye busara walikataa kuwagawia wenzao mafuta. Zamani nilikuwa nawaona wachoyo. Siku hizi naona kuna vitu haviazimwi: ukivigawa, taa zote zinazimika. Lakini katika sura hiyohiyo, mtumishi aliyefukia talanta analaumiwa. Aliitunza kweli, haikupotea, ila haikumfaa mtu yeyote. Na sura inamalizika kwa hukumu: tuliwatendea nini walio wadogo? Mimi nakiona hapo kipimo kizuri. Kabla ya kutoa siri au kuificha, jiulize: hii inamlinda nani, na nikiondoka leo itamuumiza nani?

Kwa kipimo hicho, mchumba anayedai neno lako la siri kama ushahidi wa mapenzi haombi upendo, anaomba ufunguo wa kukuchunguza. Na anayekupigia simu akitaka namba zilizotumwa kwenye ujumbe, hata kama anasema ni wa mtandao wako wa simu, usimpe. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitume kwenda 15040.

Kwa yako mwenyewe, tunga neno refu la maneno kadhaa yasiyohusiana, lisiwe jina lako wala mwaka wa kuzaliwa. Usitumie moja kila mahali, maana likiibwa moja, milango yote iko wazi. Kama unasahau, si dhambi kuandika: weka daftari pale unapotunza vyeti vyako, siyo chini ya kompyuta. Au tumia programu ya kutunzia maneno ya siri, ukariri ufunguo wake mmoja. Na ya kikundi? Yaandikeni, mtie kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi, mumkabidhi paroko aitunze. Katibu akibadilika, mnabadilisha na neno.

Mimi nilitubu, nikamrudishia bibi 5,000 yake na kumweleza ukweli. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Nifundishe kubonyeza mwenyewe." Kusoma hajui, lakini hesabu za madumu ya mawese hakosei hata siku moja. Tarakimu alizijua kwa siku mbili. Akachagua namba mpya, kitu anachokijua yeye na Mungu wake.

Mara ya kwanza tulipokwenda kwa wakala, alifunika simu kwa kiganja akaniambia, "Geuka huko." Iliniuma kidogo. Nikageuka, nikaitazama michikichi kule ng'ambo ya barabara mpaka aliponiita.

Tuombe: Ee Bwana, unayetujua mpaka ndani wala hututumii vibaya, utufundishe kutunza tulichokabidhiwa. Amina.