Ukuta wa Nani?

Asubuhi Le Corbusier alikuwa mchoraji, mchana msanifu majengo. Alianza siku na rangi zake nyumbani Paris, kisha akaenda ofisini kubuni majengo. Mwaka wa 2013, jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilionyesha jinsi alivyofanya kazi: michoro ya rangi za maji kutoka safari zake za ujanani, picha, modeli. Mimi niliyafahamu maonyesho hayo kupitia kitabu chake tu, na kusema ukweli, nilimwonea wivu. Kila alichokiona kiligeuka kazi.

Lakini si kila alichokigusa kilikuwa chake. Kusini mwa Ufaransa, kando ya bahari, kuna nyumba nyeupe iitwayo E-1027. Eileen Gray aliibuni, ikakamilika mwaka wa 1929, akaishi humo na mpenzi wake, Jean Badovici. Baadaye waliachana, Gray akaondoka. Mwaka wa 1938 Le Corbusier, rafiki ya Badovici, akaanza kuchora picha kubwa kwenye kuta zile. Badovici aliridhia. Gray, aliyezibuni, hakuulizwa. Kwake ule ulikuwa uharibifu. Leo picha hizo zinatunzwa na wageni huenda kuzitazama.

Ningemhukumu haraka kama nisingekuwa na ukuta wangu.

Mwaka jana niliandika makala kuhusu mimba ambayo dadangu aliipoteza. Nilimwuliza mama, akasema, "Andika tu, labda itamsaidia mtu." Watu waliisambaza sana. Dada aliiona kwenye simu ya mwenzake kazini. Alinipigia, akauliza, "Na mimi ningeulizwa lini?"

Nilijitetea: ni stori ya familia, kwa hivyo ni yangu pia. Nililia hospitalini kama wao. Si uongo. Lakini mama alikuwa Badovici wangu: alitoa ruhusa ya kitu ambacho hakukijenga yeye.

Tunapenda kuonyeshwa mchakato wa msanii, ati tuone kazi ilivyozaliwa. Tukiuangalia tu kutoka upande wa mkono ulioshika brashi, hatumwoni aliyekuwa na ukuta. Na uzuri wa picha haujibu swali lake. Makala yangu ilikuwa nzuri, najua.

Nilimwomba mhariri aiondoe, akaiondoa. Dada hajasema kitu. Sijaandika nyingine iliyosomwa hivyo.