Kasuku Aliyekumbuka Jina la Kwao



Je, ni kitu gani kinachomrudisha nyumbani aliyepotea? Wengi watajibu upesi: ni woga, ni watoto, au ni aibu mbele ya watu. Leo tulitafakari swali hili kwa kumtazama ndege.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2008, huko Nagareyama, mji ulio karibu na Tokyo nchini Japani, kasuku wa kijivu aitwaye Yosuke alitoroka kwao. Polisi walimkuta juu ya paa la jirani, wakamshika, akalala kituoni. Walijaribu kuzungumza naye, asiwajibu hata neno. Kisha akapelekwa kwa daktari wa mifugo. Baada ya siku chache za kutunzwa, akaanza kuwasalimu watu na hata kuimba. Mwishowe akataja jina lake na la jamaa yake, na anwani yao kamili hadi nambari ya nyumba. Polisi wakachunguza, wakaona ni kweli, naye akarudishwa salama.

Wenyewe walieleza kwamba walikuwa wamemfundisha maneno hayo kwa muda wa miaka miwili hivi. Angalieni basi: hawakungoja siku ya kupotea. Walimfundisha siku za amani, alipokuwa bado mikononi mwao.

Labda mtasema kasuku hurudia tu asichokielewa. Na iwe hivyo. Lakini hapo ndipo sisi tunapokosa udhuru, kwa maana sisi twaelewa tunayorudia. Bwana, unamwambia nini mkeo kila jioni? Bibi, mumeo akiingia husikia neno gani la kwanza? Kama ni lawama na dharau, basi hiyo ndiyo anwani mnayofundishana. Siku mmoja wenu akipotea kwa hasira, kwa pombe au kwa urafiki wa nje, atakumbuka nini cha kumrudisha?

Mimi mwenyewe niliwahi kukosana na mama watoto kwa ajili ya karo ya shule, nikaenda kulala kwa ndugu yangu. Ndugu alinisema sana, nami nikazidi kuwa mgumu. Usiku wa tatu nilikumbuka swali ambalo mke wangu huniuliza kila jioni nikifika mlangoni: "Baba watoto, umefika?" Usingizi ukanitoka. Kulipokucha nikarudi. Nilikuwa nimejitayarisha kujitetea, lakini alipofungua mlango aliniuliza lile lile: "Baba watoto, umefika?" Habari ya karo tuliizungumza baada ya chai, na kosa langu nililikiri bila kusukumwa.

Tena msisahau kwamba kituoni Yosuke alinyamaza, bali alipotunzwa alisema. Wahenga walinena kuwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Sisemi kosa lifunikwe, kwani ukweli lazima usemwe. Lakini anayerudi apokewe kwanza, ndipo aulizwe.

Basi jioni hii, kabla ya kulala, kila mmoja amwambie mwenzake neno moja jema, kisha alirudie kesho na kesho kutwa. Msione haya kulirudia. Hamjui ni siku gani litahitajika.