Penzi Linalohojiwa

Je, aliyeshikwa na mapenzi kweli anaweza kutulia akahesabu mizani? Soneti huandamwa na swali hili, kwa kuwa ina mishororo 14 tu na vina vyake vina mpango. Katika ushairi wa Kiswahili bishano hilo si geni: mshairi Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wanajadi na wanamabadiliko walivutana sana juu ya vina. Ila kwa soneti, wengi hutazama idadi ya mishororo wakasahau kigeuko, pale mtunzi anapolazimika kujijibu mwenyewe, ambacho katika soneti za Kiitaliano huja kwa kawaida baada ya mshororo wa nane. Penzi humo halimwagwi, linahojiwa.

Chukua soneti moja ya Giacomo da Lentini, karani wa sheria katika jumba la Kaisari Frederick II huko Sisilia, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa umbo hili katika karne ya 13. Katika mishororo minane anasema amenuia kumtumikia Mungu ili aingie peponi, lakini bila bibi yake hataki kwenda. Kwa mcha Mungu wa zama zile, hayo yalikaribia kufuru. Ndipo anapogeuka: hakukusudia kutenda dhambi naye, anatamani tu kumwona uso wake katika utukufu. Je, ametubu, au amemwingiza mpenzi mbinguni kwa mlango wa nyuma? Mimi naona la pili. Kilio kisicho na mpaka kingeishia kwenye kufuru ile. Umbo ndilo lililomdai maelezo, na katika kuyatoa akafichua penzi lililokuwa zito kuliko alivyokusudia kukiri.

Atakayesema kuhesabu ni unafiki amtazame Petrarca, mshairi wa Kiitaliano. Laura, mpendwa wa soneti zake, alifariki mwaka 1348, lakini Petrarca akaendelea kuzisarifu tungo zake juu ya Laura hadi karibu na kifo chake mwaka 1374. Mnafiki gani huvumilia hivyo?

Pingamizi zito ni jingine: mpendwa wa soneti mara nyingi ni bubu. Anasifiwa macho na nywele, ila hajibu, na mtunzi amebaki akijisikiliza. Shakespeare, katika soneti ya 130 ya mkusanyiko uliochapwa mwaka 1609, anazikejeli sifa hizo, lakini hata maneno ya huyo bibi yake hatuyasikii. Hapo utetezi wangu unapungua nguvu. Hata hivyo, mwaka 1555 Louise Labé wa Lyon alichapisha soneti 24 ambamo mwanamke ndiye anayetamani na kulalamika, kwa mishororo ileile 14. Basi ububu ule ulitoka kwa waliolishika umbo, haukutoka katika umbo. Anayetaka kuwashtaki washairi wa soneti awashtaki kwa kumnyamazisha mpendwa, aiache hesabu ya mizani.