Mzigo Uliofungwa



Katika sharika zetu si ajabu tena kumwona mtoto wa miaka 12 akisimama mbele ya watu na kusoma Somo la Jumapili pasipo kukwama. Wazee humsikiliza kwa furaha, na mama yake hujifuta machozi. Nasi twafurahi pamoja nao. Lakini ibada ikiisha, ukimwita mtoto yule kando na kumwuliza, “Mwanangu, umesoma habari gani?” mara nyingi hutazama chini. Maneno yamepita kinywani mwake kama maji yapitavyo mferejini, na mfereji haukunywa hata tone.

Basi twataka kuuliza neno moja. Je, kusoma pasipo kufahamu ni upungufu wa akili tu, au ni jambo linaloigusa dhamiri pia? Wengi watajibu kwamba hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili, pamoja na mitihani yake ya ufahamu, ufupisho na fasihi. Sisi twadhani ni zaidi ya hayo, nasi twaomba mtuvumilie tukieleza sababu.

Sisi tukaao pande za Tabora twaishi juu ya njia ya zamani. Misafara ilipanda kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo, ikafika Unyanyembe baada ya miezi mitatu hivi, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua nguo, shanga na waya wa shaba, wakarudi na pembe za ndovu. Tena katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo. Hilo nalo tusilisahau. Mzigo wa mtu mmoja ulipata frasila 2, yaani ratli 70. Mzigo wa nguo ulifungwa pwani kwa kamba, na mpagazi hakuwa na ruhusa ya kuufungua njiani. Aliujua uzito wake kwa bega lake, lakini yaliyomo ndani hayakuwa shauri lake. Kazi yake ilikuwa kuufikisha.

Hatusemi hivi kwa kuwadharau wazee wetu, maana walikuwa hodari, tena bila wao hakuna msafara ambao ungaliiona Tabora. Twasema kwa ajili ya mfano. Mtoto asomaye pasipo kufahamu amebeba mzigo uliofungwa. Ameufikisha mpaka mwisho wa ukurasa, ameutua, amepewa sifa, wala hajui alichokibeba.

Lakini njia yetu yatupa pia habari ya wapagazi waliojua vema walichokichukua. Mwanzo wa Mei 1873 Daktari David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, Susi na Chuma wakiwa wakubwa wao, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaazimu kuupeleka pwani. Pamoja nao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyefundishwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi. Yeye ndiye aliyesoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi katika mti ule. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Mwingereza, jina lake Cameron, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Walipokwisha kutoka Unyanyembe, wakafika Kasekera, na wenyeji wa huko wakakataza maiti kupita katika nchi yao. Ndipo walipofanya shauri. Walifunga mabua mfano wa maiti, wakatangaza kwamba wanamrudisha Unyanyembe akazikwe huko. Wenzao wachache wakaondoka nayo, na walipokuwa mbali wakayatupa porini. Na mwili wenyewe wakaufunga upya ukawa kama mzigo wa nguo, ukapita machoni pa watu wote. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwili ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey.

Tuwape vijana wetu habari hii waisome, kisha tuwaulize maswali, moja baada ya moja, tusiyachanganye.

Swali la kwanza: Ni nini kilichotendeka, wapi, na nani alitenda? Hapa kijana asijibu kwa kukisia, bali aweke kidole juu ya mstari.

Swali la pili: Kwa nini walitenda hivyo? Hapa ni pagumu zaidi, maana habari haikufunua yote yaliyokuwa mioyoni mwao. Lakini imesema kwamba walishauriwa kuutua mzigo huo mzito wa hatari, nao wakakataa. Kutokana na tendo hilo kijana aweza kukata shauri juu ya nia yao. Lakini ajifunze kusema wazi, “Hili limeandikwa,” na “Hili nimelipata kwa kuyapima yaliyoandikwa.” Mtu aliyejifunza kuyatenga mambo hayo mawili amejifunza nusu ya hekima.

Swali la tatu: Ni nani atusimuliaye? Livingstone aliandika habari zake kila siku, lakini maiti haandiki habari za maziko yake. Kitabu cha safari zake za mwisho kilitolewa mwaka 1874 na rafiki yake Horace Waller. Jina lililo juu ya kitabu ni la Livingstone. Lakini habari za njia ile ya mwisho zilitoka katika vinywa vya Susi na Chuma, waliosafiri mpaka Uingereza wakaulizwa. Basi msomaji asiyeuliza atadhani amemsikia mtu mmoja, kumbe amesikia watu wanne.

Swali la nne: Je, walitenda haki? Waacheni wavulana na wasichana washindane, ila kila hoja isimame juu ya neno lililo katika habari. Mmoja atasema, “Waliwadanganya watu wa Kasekera, waliokuwa na hofu na desturi zao.” Mwingine atasema, “Walimtunzia uaminifu mtu asiyeweza tena kuwalipa.” Sisi twaona kwamba hila ilikuwa hila, na uaminifu ulikuwa uaminifu, na msomaji mwema hakifichi kimoja ili kukipamba kingine.

Tuendelee. Kuna maneno ambayo maana yake hukaa kinyume cha sauti yake. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma hapa Tabora katika shule ya serikali tangu 1937, kisha akafundisha mjini humu katika shule ya St. Mary's, alitoa mwaka 1963 tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare. Ndani yake Antonio anasimama mbele ya watu, na maiti ya rafiki yake iko karibu. Amepewa ruhusa ya kunena kwa sharti asiwalaumu waliomwua. Basi anamwita Bruto mtu wa heshima, akarudia, akarudia tena. Na kila arudiapo, heshima ile inapungua, hata mwisho watu wanakimbia kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Kijana asomaye maneno tu ataandika katika karatasi yake kwamba Antonio alimsifu Bruto. Kila neno alilolitaja limo kitabuni, na jibu lake ni kosa. Wazee wetu wasiojua hata herufi moja hawangekosa hapo, maana wamezoea baraza, nao walisema zamani: Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Tena kuna maandiko yanayogeuka kwa kadiri ya mahali alipokaa mwandishi. Mwaka 1871 Stanley alifika Unyanyembe, akawakuta Waarabu vitani na Mtemi Mirambo. Akajiunga nao, wakashindwa. Katika kitabu cha safari ile Mirambo ni mnyang'anyi. Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso, wakafanya udugu wa damu. Na katika kitabu chake cha baadaye Mirambo ni mtu mpole, mwenye adabu na heshima. Mtemi ni yule yule, na mwandishi ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipoketi. Mara ya kwanza alikula pamoja na adui za Mirambo, mara ya pili aliketi na Mirambo mwenyewe. Kijana akisoma kitabu cha kwanza tu, atambeba mnyang'anyi kichwani maisha yake yote. Akisoma cha pili tu, atasahau vijiji vilivyolia kwa sababu ya vita vya mtemi huyo. Inampasa avisome vyote viwili, tena aulize kila kimoja kiliandikwa kutoka upande gani.

Msidhani twawanyoshea wengine kidole. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa wageni katika kazi ya uchungaji, mama mmoja mjane alipata barua ya mwanawe aliyekuwa kazini mbali. Hakujua kusoma, akamwita mtoto wa jirani, msomaji hodari. Mtoto akasoma upesi upesi. Mama akamwuliza, “Asemaje, mwanangu?” Akajibu, “Shamba la bondeni amempa baba mdogo.” Mama akalia, akaenda kumlaumu shemeji yake, na ugomvi ukafika kwetu. Shemeji akasema kwamba yeye amepata salamu za kulima tu. Hatukumsadiki. Tukamkemea mbele ya wazee wa kanisa kwa tamaa ya mali ya mjane. Na barua yenyewe ilikuwa juu ya meza yetu, wala hatukuifungua, maana tulidhani tumekwisha kusikia yaliyomo.

Baada ya majuma mawili mama alituomba tumsomee barua ile tena, apate kusikia maneno ya mwanawe. Tukasoma. Kijana alikuwa amemwomba baba mdogo alilime shamba lile mwaka huu, kwa kuwa yeye hatawahi mvua, na nusu ya mavuno ampelekee mama. Neno “mwaka huu” lilikuwamo, na neno “nusu” lilikuwamo. Mtoto alikuwa ameyatamka yote mawili kwa kinywa chake. Tulikwenda kwa yule mzee, tukamwomba radhi mbele ya wazee wale wale. Alitusamehe, lakini alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Mchungaji, mimi sijui kusoma. Nilidhani ninyi mnajua.”

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali letu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Martin Luther hakuridhika kwamba mtoto aweza kuikariri amri. Baada ya kila amri aliweka swali la kuuliza maana yake. Na katika amri ya nane, ikatazayo kumshuhudia jirani uongo, alitufundisha kuyaeleza mambo ya jirani kwa upande ulio mwema. Basi aliyeandika barua ni jirani yetu. Aliyeandika kitabu naye ni jirani, hata akiwa amekufa miaka 100 iliyopita, naam, huyo zaidi, kwa sababu hawezi kuinuka na kusema, “Sivyo nilivyosema.” Amejiweka mikononi mwa msomaji. Kumtwika maneno asiyoyasema, au kuyaacha aliyoyasema, ni kumshuhudia uongo. Hatusemi kwamba mtoto yule alitenda dhambi. Alikuwa mdogo, wala hakuna aliyemfundisha. Kosa lilikuwa letu sisi watu wazima, tuliokuwa na barua mezani na macho ya kuisomea.

Wengine huogopa wakisema, “Mtoto akizoea kuuliza nani amesema na kwa nini, atawauliza hata wazee, tena atayauliza hata Maandiko.” Atauliza, kweli. Lakini Filipo alipomkuta yule Mwethiopia njiani, naye amepanda gari lake akisoma kitabu cha nabii, alimwuliza kama anayaelewa ayasomayo. Mwethiopia, ingawa alikuwa mkubwa wa hazina ya malkia, hakuona haya kukiri kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo hakumnyang'anya kitabu, wala hakumwambia asiulize. Alipanda, akaketi karibu naye.

Basi, waalimu na wainjilisti, hasa ninyi wenye vijana wa Kipaimara, walio mwisho wa shule ya msingi au mwanzo wa sekondari, twawasihi mambo matatu. Kwanza, kijana akiisha kusoma, afunge kitabu, aseme habari ile kwa maneno yake mwenyewe. Pili, akifungue tena, aonyeshe mstari unaolishuhudia kila neno alilolisema. Tatu, aulizwe ni nani ambaye angeisimulia habari hiyo kwa namna nyingine. Nanyi msiwe wepesi kumpa jibu. Mwalimu asemaye, “Sijui, na tusome tena,” amefundisha zaidi kuliko ajuaye yote. Tena msikawie, kwa maana katika sekondari nyingi masomo hutolewa kwa Kiingereza, na kijana asiyezoea kutafuta maana katika lugha anayoijua ataitafutaje katika lugha ngeni?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na wapagazi wakaitua mizigo yao. Lakini mizigo ya maneno yapita hata leo kila siku, katika barua, magazeti na simu za mkononi, na mingi yapokewa na kupelekwa mbele pasipo kufunguliwa. Jumapili ijayo, mtoto akiisha kusoma Somo, tusimwambie tu kwamba amesoma vizuri. Tumwulize amesoma nini, kisha tukae tumsikilize.